Daftari la Makosa: Kutengeneza Zana za Upimaji Endelezi Darasani

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi, wanachuo wa ualimu na wazazi

Nimekuja na daftari moja tu. Jalada lake limekwisha na kona za kurasa zake zimejikunja. Yote nitakayosema jioni hii yametoka humo.

Ukurasa wa kwanza una hesabu ya mtoto wa Darasa la Tatu, nilipokuwa mwalimu mgeni kazini. 52 kutoa 27, naye ameandika 35. Nilitia mkasi kwa kalamu nyekundu. Siku iliyofuata, 64 kutoa 38, akaandika 34. Mkasi. Kisha 81 kutoa 46, akaandika 45. Mkasi tena. Wiki tatu zilipita hivyo, yeye akikosa na mimi nikikata, na chini ya ukurasa nikiandika maneno ambayo kila mwalimu aliyemo humu amewahi kuyaandika: "Ongeza bidii."

Siku moja, wenzake wakiwa mapumzikoni, nilimwita. "Mwanangu, hebu nifanyie hii nione unavyokwenda." Akainama, akaanzia kwenye mamoja. "Mwalimu, saba haitoki kwenye mbili. Ndogo ndiyo inayotoka kwenye kubwa. Kwa hiyo saba toa mbili, tano." Kisha akaniangalia bila wasiwasi, kama mtu aliyefuata sheria. Na kweli alikuwa ameifuata. Sheria hiyo tulimpa sisi wenyewe Darasa la Kwanza, tulipomwambia kwamba namba kubwa haitolewi kwenye ndogo. Bidii alikuwa nayo tele. Kila nilipomhimiza aiongeze, aliishika sheria ile kwa nguvu zaidi.

Mikasi yangu yote haikunifundisha kitu. Dakika mbili za kumsikiliza zilinionyesha somo la kesho yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika makosa ya watoto katika daftari hili, na hoja yangu leo ni moja: zana ya upimaji endelezi haianzii kwenye manila, wala kwenye kadi, wala kwenye kompyuta. Inaanzia kwenye kosa la mtoto lililoeleweka. Mwalimu asiyejua watoto wake wanakosea vipi, hata apewe kabati zima la zana, atakuwa na mapambo ya ukutani.

Mtihani na bildi

Lugha yetu imeshatuonya kuhusu tofauti ya mtihani na kupima. Mtu akifiwa, akiibiwa au akiuguliwa, tunasema amepata mtihani. Maisha yenyewe tunayaita mtihani. Neno kupima linaishi mtaa mwingine. Linakaa kwa fundi cherehani mwenye utepe shingoni, kwa muuza nafaka, kwa mhudumu wa maabara ya zahanati, na kwa nahodha. Wote hao wanapima kwa sababu kuna kitu wanataka kukifanya baada ya hapo. Fundi asipokata kitambaa, vipimo vyake vya kazi gani?

Nahodha ndiye ninayempenda zaidi. Anapoingia mlango wa bandari asioujua vizuri, hutia bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba na kushushwa hadi chini ili ajue maji yana pima ngapi. Mabaharia wa zamani walipaka shahamu chini ya risasi ile, ipande na mchanga, tope au vipande vya matumbawe. Kamba iliwaambia kina, na shahamu ikawaambia huko chini kuna nini. Hakuna nahodha aliyewahi kuipa bahari alama 40 kwa 100. Anapima ili ajue ageuze usukani upande gani, na anapima chombo kikiwa bado kinaelea.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya upimaji endelezi na upimaji tamati. Siupingi mtihani wa mwisho. Nchi inahitaji njia ya kutoa vyeti na kugawa nafasi, na Baraza la Mitihani la Tanzania linafanya kazi hiyo tangu mwaka 1973. Lakini matokeo ya mtihani wa mwisho hufika chombo kikiwa kimeshatia nanga, au kimeshapanda mwamba. Mwalimu anayasoma watoto wakiwa wameshaondoka darasani kwake.

Tulipopotelea

Mwaka 1967 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Mwezi Machi, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule zinazoendeshwa kwa ajili ya wachache watakaofaulu na kuwasahau wengi watakaobaki kijijini. Mwaka huohuo, huko Marekani, mwanafalsafa Michael Scriven aliandika makala iliyotenganisha tathmini inayofanywa kazi ikiendelea, kwa lengo la kuirekebisha, na ile inayofanywa kazi ikiisha, kwa lengo la kuitolea hukumu. Mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom akaichukua tofauti hiyo na kuiingiza darasani.

Kwetu, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani mmoja tu, kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe. Kuanzia 1976 alama za maendeleo zikaingia katika matokeo ya sekondari. Nia ilikuwa njema. Lakini angalieni kilichotokea mashuleni. Kazi ya kila siku iligeuka mtihani mdogo. Mwalimu akatunga, akasahihisha, akajumlisha, akapeleka alama ofisini, kisha akaendelea na mada inayofuata kama alivyokuwa amepanga tangu mwanzo wa muhula. Bildi ilishushwa mara nyingi kuliko zamani, ila usukani haukuguswa.

Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College, London, walichapisha mapitio ya tafiti zipatazo 250 kuhusu upimaji endelezi. Waliona kwamba ujifunzaji unapanda pale mwalimu anapoyatumia majibu ya wanafunzi kubadili ufundishaji wake, na mara nyingi wanaofaidika zaidi ni wale waliokuwa nyuma. Neno la kushika hapo ni kubadili. Jaribio la kila Ijumaa lisilobadili somo la Jumatatu halistahili kuitwa endelezi, hata likifanywa mwaka mzima.

Swali la bawaba

Sasa tuingie karakana. Zana ya kwanza ninayowapendekezea ni swali moja, lenye majibu matatu au manne, linaloulizwa katikati ya kipindi, pale ambapo somo linaweza kwenda mbele au kurudi nyuma. Mimi naliita swali la bawaba, kwa kuwa mlango unageukia hapo. Kulitunga ni kazi kubwa kuliko mnavyodhani, na nitawaeleza nilivyoshindwa.

Nilikuwa nafundisha desimali Darasa la Tano. Daftari langu lilishaniambia kwamba watoto wengi husoma desimali kama namba nzima. Wanaona 0.35 ni kubwa kuliko 0.4, kwa sababu 35 inaishinda 4. Basi nikatunga swali: ipi ni kubwa kuliko zote, 0.4, 0.35 au 0.125? Nikaliandika ubaoni, na karibu darasa zima likachagua 0.4. Nilifurahi sana. Nikafunga mada.

Wiki iliyofuata msichana mmoja wa dawati la nyuma alinivurugia furaha yangu. Nilimuuliza amejuaje kwamba 0.4 ndiyo kubwa. Akasema, "Kwa sababu ni fupi, Mwalimu." Mwenzake akamuunga mkono: sehemu za kumi ni vipande vikubwa, sehemu za elfu ni vipande vidogo, kwa hiyo namba ikiishia kwenye sehemu za kumi lazima iwe kubwa. Walikuwa wamelipata jibu sahihi kwa njia mbovu, na swali langu ndilo lililowafungulia mlango.

Nikalivunja, nikalitunga upya. Ipi ni kubwa kuliko zote: (A) 0.3, (B) 0.65, au (C) 0.124? Mtoto anayesoma desimali kama namba nzima atakwenda C, maana 124 inazishinda 65 na 3. Anayeamini kwamba fupi ndiyo kubwa atakwenda A. Aliyeelewa thamani ya nafasi atakwenda B, na hakuna njia rahisi ya kufika B kwa kubahatisha kanuni. Kila jibu sasa lina mwenyewe. Nikiona vidole vya C vimejaa, najua niwapeleke wapi. Vikijaa vya A, najua ni safari nyingine.

Safari yenyewe niliitengenezea zana. Nilitundika utepe wa fundi cherehani ukutani, mita moja kamili, na kuwapa watoto vibanio vya nguo. 0.3 ya mita iko kwenye sentimita 30, 0.65 iko kwenye 65, 0.124 haifiki hata 13. Mtoto aliyechagua C alibana kibanio chake, akarudi nyuma hatua moja, akakitazama, akacheka mwenyewe.

Kutokana na kushindwa kule, kila swali ninalotunga nalihoji mara tatu kabla halijafika darasani. Je, kila jibu la kosa linatokana na wazo ambalo watoto wanalo kweli, au nimelijaza tu ili majibu yafike manne? Je, mtoto anaweza kupata jibu sahihi kwa wazo bovu? Na je, nimeshaamua nitafanya nini kwa kila jibu litakalojitokeza? Swali lisilovuka mahojiano hayo halina shahamu chini yake. Litashuka na kupanda bila kuleta hata chembe ya mchanga.

Makosa ya Kiswahili, ya sayansi na ya saa

Msidhani hii ni habari ya hesabu peke yake. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha watoto ambao lugha za nyumbani hazitofautishi r na l anajua kilio cha imla. Imla ya maneno kumi yaliyookotwa ovyo humpa alama, 6 kwa 10, basi. Lakini imla ya jozi humpa habari. Mwandikishe mtoto: "Nilialikwa kwenye karamu" na "Nilinunua kalamu." "Baba ametoa mahari" na "Twende mahali pale." Akikosea jozi zote, tatizo lipo sikioni. Akikosea upande mmoja tu, yumkini ana mazoea ya kuandika herufi moja kila mahali. Dawa zake ni mbili tofauti.

Au chukueni ngeli. Ukiuliza "Andika wingi wa kitabu changu," utapata vitabu vyangu, na huwezi kujua kama mtoto ameelewa au amekariri. Muulize hivi: "Kiboko amekimbia" na "Kiboko kimevunjika", ipi sahihi? Atakayesema ya kwanza tu anamfikiria mnyama wa mtoni. Atakayesema ya pili tu anaangalia ki- ya mwanzo bila kuangalia kiumbe. Atakayesema zote mbili, kisha akacheka kwa kuikumbuka fimbo ya mwalimu wa zamu, huyo ameshika upatanisho wa viumbe hai hata kabla hajajua jina lake.

Katika sayansi, Brenda Keogh na Stuart Naylor wa Uingereza walibuni katuni za dhana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watoto waliochorwa wanabishana juu ya jambo moja, na kila mmoja ana wazo lake. Ubaoni kwangu nilichora chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, nje imejaa matone. Mtoto wa kwanza anasema soda imevuja. Wa pili anasema ubaridi umegeuka maji. Wa tatu anasema mvuke uliomo hewani umegusa chupa baridi ukawa maji. Mnakubaliana na nani? Uzuri wa katuni ni kwamba mtoto hajiaibishi. Anamtetea mtu wa kuchorwa, na akikosea aliyekosea ni yule wa ubaoni. Kisha tukanunua soda ya rangi ya chungwa. Matone ya nje yakaonekana meupe. Yule wa kwanza akapoteza wafuasi wake wote bila mimi kusema neno. Wa pili alibaki nao wachache hadi kipindi kilichofuata, na sikuwaharakisha.

Kosa jingine linawahusu watoto wetu wanaovuka kutoka Kiswahili cha msingi kwenda Kiingereza cha sekondari. Mchoro wa saa unaonyesha mkono mfupi kwenye 7. Mtoto anaulizwa kwa Kiingereza ni saa ngapi, naye anajibu kwa namba moja. Mwalimu anakata, anaandika kwamba mtoto hajui kusoma saa. Anajua sana! Amesoma saa moja asubuhi, kama bibi yake anavyoisoma, akihesabu tangu jua lilipochomoza. Kilichomkwamisha ni kuvuka kutoka hesabu moja kwenda nyingine. Zana yake ni saa ya boksi yenye namba za uso nje na saa za Kiswahili ndani, ambayo mtoto anaizungusha mwenyewe. Zana hiyo huwezi kuitengeneza kama umeshamwandikia kwamba hajui.

Watoto 90 na mvua juu ya bati

Nasikia mwalimu mmoja hapo nyuma akinong'ona: "Hayo ni ya darasa la watoto ishirini." Ana haki. Kiwango chetu cha shule za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 wako wengi wenu wanaofundisha idadi hiyo mara mbili. Siwezi kuwapunguzia watoto. Lakini darasa likijaa, ndipo ile pambio ya "Mmeelewa?" na "Ndiyooo!" inapokuwa hatari zaidi. Watoto 90 wakiitika kwa pamoja, sauti ya waliokwama humezwa, na mwalimu anarudi ofisini akiamini amefundisha.

Kwa hiyo nahitaji njia ya kuyaona majibu 90 kwa mara moja. Ya bei rahisi kuliko zote ni vidole. Kimoja ni A, viwili ni B, vitatu ni C. Watoto wanafumba macho ili wasiigane, wanaweka mkono kifuani, nami natembeza macho mstari kwa mstari. Siku moja mvua kubwa ilipiga juu ya bati, na mnajua darasa letu linavyokuwa siku kama hiyo: mwalimu hasikiki, watoto hawasikiki. Niliandika swali ubaoni na kuinua mkono. Vifua 90 vikanijibu kimya kimya. Ndicho kipindi kimoja cha mvua nilichowahi kukifundisha hadi mwisho.

Ukiwa na maboksi ya dukani, kata kadi za herufi, kila mtoto seti yake, rangi tofauti kwa kila herufi ili uzione kwa mbali. Ukimpata fundi seremala mwenye vipande vya plaiwudi, vipake rangi nyeusi ya ubao na kila dawati lipate kibao kimoja. Hapo huulizi tena A au B. Unasema "andikeni, inueni," na unaona kazi yenyewe. Kibao kidogo si kitu kigeni pwani yetu. Watoto wa chuoni walijifunza kusoma Kurani kwa kibao cha mti chenye maandishi ya wino yanayoosheka, na mwalimu hakumpa mtoto mstari mpya kabla hajamsikiliza ule wa jana na kumnyoosha palipopinda. Hakumwandikia alama. Alimsikiliza, akamnyoosha, wakaendelea.

Kwa maswali ya mdomo, weka vijiti vya majina kwenye kopo na uchomoe kimoja, ili wasijibu wale watano wa mbele siku zote. Lakini uliza swali kwanza, nyamaza, ndipo uchomoe. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde 3 mbele ya darasa zima ni ndefu kama msafara wa mbio za mwenge. Zizoeeni.

Na mwisho wa kipindi, karatasi ya mlangoni, yaani robo ukurasa wa daftari, swali moja, jibu moja, bila alama. Usijaribu kusoma 90. Chukua mstari mmoja wa madawati kwa siku, zigawe mafungu matatu mezani: wameshika, wanakaribia, bado. Dakika kumi zinatosha, na andalio la somo la kesho linajiandika lenyewe.

Alama, maoni na fomu

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti aliofanya kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita huko Israeli. Kundi moja lilipewa alama tu, jingine maoni tu, la tatu alama na maoni pamoja. Waliopewa maoni peke yake ndio waliosonga mbele na kuendelea kuipenda kazi. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika, kana kwamba alama iliyameza maneno. Mzazi aliyewahi kumwona mwanawe akifungua daftari, akitazama 4 kwa 10 na kulifunga, hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi, tuandike nini? "Jitahidi" si maoni, ni salamu. Kwenye insha, andika: "Aya ya pili, nani aliyekuja? Mtaje." Kwenye hesabu: "Angalia nafasi ya makumi, kisha rudia namba 3." Maoni yanayofaa humpa mtoto kazi ya kufanya. Na kwa kuwa madaftari ni 90, tengenezeni ufunguo wa ukutani: duara ni upatanisho wa ngeli, mstari wa mawimbi ni herufi, alama ya kuuliza ni eleza zaidi. Mwalimu anachora alama ndogo, mtoto anasoma ukutani na kusahihisha mwenyewe, kwa kalamu ya rangi nyingine ili sote tuone alikotoka.

Mitaala yetu ya sasa inaelekea huko. Kenya walianza mtaala wa umilisi mwaka 2019, na mtihani wao wa darasa la nane, ulioanza 1985, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Mwalimu wao ana rubriki ya ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Sisi tulianza kutumia mtaala ulioboreshwa Januari 2024, unaosisitiza umahiri. Lakini yaliyotupata baada ya Azimio la Musoma yanaweza kuturudia. Rubriki inayojazwa usiku wa kuamkia siku ya mkaguzi, watoto wote wakiwa "wanakaribia", haina tofauti na alama 60 kwa kila mtu. Na mzazi akianza kuagizwa picha za rangi na manila kila wiki, tumehamishia gharama nyumbani bila kuongeza elimu. Vidole vya mtoto havinunuliwi dukani.

Wengine mtaniambia muhtasari hauishi na mtihani wa taifa hausubiri. Ni kweli hausubiri. Ila hesabuni: wiki tatu nilizotia mikasi zilikula muda mwingi kuliko dakika mbili za kumsikiliza mtoto. Muda niliodhani nauokoa ndio huo nilioupoteza.

Karakana ya shule

Mwalimu mmoja hawezi kuyajua makosa yote. Kwa hiyo naomba shule iwe na daftari moja la makosa kwa kila somo, likae ofisini, na kila mwalimu aandike humo mambo matatu: jibu la mtoto kama alivyoliandika, maelezo ya mtoto kwa maneno yake, na kilichosaidia. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unawakutanisha walimu shuleni kwao kujadili mada ngumu. Kikao hicho ndicho karakana yenu. Kila mmoja aje na kosa moja. Tungeni maswali kwa pamoja, yahojini mara tatu, yajaribuni, rudini mseme yalivyokwenda. Wanaopokea Darasa la Nne Januari wapewe daftari la Darasa la Tatu kabla ya kupewa orodha ya nafasi. Kujua nani alishika namba moja hakumsaidii mwalimu mpya. Kujua kwamba kuna watoto wanaotoa ndogo kwenye kubwa popote zilipo, kutamsaidia siku ya kwanza.

Yule mtoto wa ukurasa wa kwanza nilimfungia vijiti mafungu ya kumi kumi. Nikamwambia anidai vijiti 27 kutoka kwenye 52 vyangu. Nilimpa mafungu mawili, nikabaki na mafungu matatu na vijiti viwili. "Saba huna," akasema. Nikanyamaza, nikangoja. Akalitazama fungu, akalinyoosha kidole. "Fungua hilo, Mwalimu." Sikuwahi tena kumwambia aongeze bidii.

Ndugu zangu, kwenye kila kiti kuna robo karatasi. Kabla hamjatoka, andikeni kosa moja la mtoto mlilolisahihisha wiki hii, na chini yake mwandike alikuwa anawaza nini. Kama hamjui alikuwa anawaza nini, andikeni hivyo hivyo, na kesho mkamuulize. Msiandike majina, wala sitatoa alama. Nitasimama mlangoni kuzipokea, na leo usiku nitazigawa mafungu matatu.